Ubeti wa Nne

Kila Ijumaa Kuu, ikikaribia saa tisa mchana, Eufrocina Dimasupil aliacha alichokuwa akifanya na kukaa kimya kwa dakika sita. Alifanya hivyo Osaka, mikono yake ikiwa ndani ya sinki la vyombo, na akaendelea kufanya hivyo Manila, katika chumba cha kupanga juu ya saluni alimokuwa akifanya kazi. Waliomwona walidhani anasali, naye hakuwakatalia. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa akijisikiliza. Kwao San Isidro, kando ya ziwa, wakati huohuo spika zilikuwa zikiutangazia mji mzima sauti yake ya miaka ishirini na minane, akiimba maombolezo ya Bikira Maria chini ya msalaba. Na ubeti wa nne ulikuwa wa mama yake.

San Isidro huigiza Mateso ya Yesu kwa utepe wa sauti zilizorekodiwa. Waigizaji hawasemi neno, hufuatisha midomo tu. Upepo wa ziwani hula maneno, ndiyo sababu inayotolewa, lakini sababu ya kweli ni kwamba katika mji ule mwenye sura hana sauti, na mwenye sauti hana sura. Mwaka 1979 fundi redio aitwaye Mang Simplicio alizungushia ghala la kanisa magodoro, akawaingiza wenye sauti mmoja mmoja, akarekodi mchezo wote. Tangu hapo Yesu wamebadilika saba, Yuda wanne, mmoja wao alikimbia kweli na fedha za kamati, lakini sauti ni zilezile.

Sauti ya Maria ilikuwa ya Eufrocina, ambaye kwao wanamwita Prosing, na mwaka ule hapakuwa na sauti kubwa kuliko hiyo. Alianza na miaka kumi na sita kwenye michezo ya nyimbo ya jukwaani huko Manila, kwanza mtumishi mwenye ufagio, halafu mdogo wa bibi harusi, halafu bibi harusi mwenyewe. Disko ilipoingia, wakubwa wa muziki wakamvua gauni la harusi, wakamvika suruali ya vimetameta na viatu vya kisigino kama tofali, wakampa jina la Roxy Diwa. Usiulize suruali ile ilificha nini, haikuficha kitu. Wimbo wake mmoja ulipigwa kwenye kila jeepney, yale mabasi madogo ya mjini, hadi madereva wenyewe wakauchoka. Jioni alikuwa jukwaani akifa kwa mapenzi ya mtu, na baadaye alikuwa chini ya mpira wa vioo akiwaambia watu wasikae. Alikuwa na pumzi ya kufa na ya kucheza, siku sita kwa juma.

Mwaka uleule mama yake, Inang Sabel, alianza kutema damu. Prosing alirudi nyumbani, akatembea kwa magoti kutoka mlango wa kanisa hadi altareni, akaweka nadhiri: mama akipona, nitacheza Maria kila mwaka hadi siku yangu ya kufa. Mama akapona. Mungu aliharakisha upande wake wa mapatano, na Prosing akacheza Maria mara moja, watu wakalia hadi wauza karanga wakasahau kuuza.

Mwaka uliofuata ukaja mkataba wa Osaka, nao ulianza Kwaresima. Mwenye nadhiri angekataa. Prosing hakukataa, alitafuta njia ya panya. Alimwendea Mang Simplicio usiku wa kuamkia safari, akarekodi ubeti mmoja zaidi alioutunga mwenyewe, ambamo Maria anamgeuzia kisogo mwanawe msalabani na kumwita mama yake, Ana: Mama, nishike, sijakwenda mbali, mlango niliuacha wazi. Mang Simplicio akaukata utepe kwa wembe, akaupachika ubeti ule baada ya wa tatu, akaunganisha kwa gundi.

"Sasa niko," Prosing alimwambia. "Sauti yangu ikiwepo, mimi niko. Mungu hana macho ya kubagua."

Hiyo ndiyo imani aliyoishi nayo miaka ishirini na mitatu. Alihitaji kitu cha kuishi nacho. Osaka aliimba mara tano kila siku katika vyumba vilivyojaa moshi wa sigara, na mwaka wa tatu koo lilipasuliwa mara mbili, akatoka na sauti ya ufagio juu ya saruji. Wenye klabu wakampeleka jikoni. Inang Sabel alipofariki mwaka uliofuata, Prosing hakwenda kumzika. Angelia kwa sauti ipi? Barua za mama alizihifadhi zote. Zilisema kuku wametaga, paa limevuja, tuko salama. Hazikugusia ubeti hata mara moja, naye akajiambia kwamba mama ameguswa mno, hana maneno.

Aliporudi Manila, watu wa jukwaa walimwonea huruma wakampa nafasi zisizo na maneno. Alikuwa maiti. Alikuwa jirani nyuma ya pazia. Katika mchezo mmoja alikuwa mti, na gazeti likasifu miti. Akaondoka akaenda saluni kusuka nywele za watu, na nyumbani hakukanyaga.

Basi mwaka 2003, juma moja kabla ya Matawi, simu yake ikalia ujumbe. Ulitoka kwa Delfina, binamu yake aliyemwita Ate, yaani dada, na ambaye ndiye aliyekuwa Maria wa sasa. "Ate Prosing, mwaka huu utepe wako unacheza mara ya mwisho. Padri mpya ana kompyuta. Pasaka ikipita tunarekodi upya, sauti itakuwa ya binti yangu. Nimeona nikuambie mapema."

Prosing aliusoma mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Alielewa kinachokwisha. Sauti ikizimwa, nadhiri imezimwa, na yeye hatakuwa popote.

Jumatano ya Juma Kuu alikuwa jikoni kwa Delfina, amewekewa bakuli la ginataan, uji wa tui la nazi, wa moto ambao hakuugusa.

"Nipe maombolezo," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Dakika sita tu. Mengine yote cheza wewe."

"Ate, una miaka hamsini na miwili. Utaonekana bibi yake Yesu."

"Nitajifunika shela."

"Na magoti je? Pale kuna kupiga magoti, halafu kuna kuinuka."

"Kupiga magoti najua. Kuinuka mtanisaidia." Prosing alikisogeza kibakuli pembeni. "Delfina, sikiliza. Niliahidi kusimama pale kila mwaka. Sauti imesimama, mwili haujasimama. Nataka mara moja, mara moja tu, viwe pamoja kabla hamjauzima utepe. Nikifa bila hivyo nitamwambia nini Inang?"

Delfina alikuwa mtu wa maneno makali na moyo laini. Aliingia chumbani akatoka na shela la buluu, limepigwa pasi. "Usilichafue kwa vipodozi," alisema. "Na Nestor nitamwambia, maana mtu akiwa juu ya msalaba akaona mama amebadilika anaweza kuanguka." Nestor alikuwa mumewe, fundi wa pikipiki, na Yesu wa nane.

Mang Simplicio alikuwa bado hai, jicho moja limefunikwa na ukungu, bado akikataa mtu mwingine aguse mashine. Walimkuta nyuma ya jukwaa, akipangusa vichwa vya mashine kwa pamba. Alipoambiwa, hakufurahi kama Prosing alivyotarajia.

"Utepe umeusikiliza siku za karibuni?" aliuliza.

"Niusikilize wa nini? Niliuimba mimi."

"Kaa basi niuweke. Tufanye mazoezi kidogo."

"Mang Simplicio," alisema Prosing, na kiburi cha zamani kikainua shingo, "mtu hufanya mazoezi ya jina lake?"

Mzee alifungua mdomo, akamtazama Delfina, akaufunga. Kuna jambo ambalo mtu akilinyamazia miaka ishirini haliji mdomoni kwa kuitwa. Akarudi kwenye pamba yake.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Yerusalemu ya mbao ilikuwa imepakwa rangi upya, askari wa Roma walivaa kofia za bati na kandambili, na uwanja ulijaa watu wenye miavuli. Nestor alifungwa msalabani. Saa tisa kasoro dakika chache Delfina akashuka nyuma, akavua shela, akamfunga Prosing kwa mikono yake.

"Nenda, Ate."

Prosing akatoka. Akasimama chini ya msalaba, na spika zikakoroma kidogo, kisha sauti ikaja. Ilikuwa nzuri. Alikuwa amesahau ilivyokuwa nzuri, akapiga magoti kabla ya wakati wake. Aliifuata. Ubeti wa kwanza, mdomo na sauti vikawa kitu kimoja. Wa pili alivuta pumzi pale alipokuwa akivuta, na kifua kikakumbuka. Mwishoni mwa wa tatu, mwanamke mmoja mstari wa mbele alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, na Prosing akajua kwamba ameitwa na kwamba amefika.

Aliugeuzia msalaba kisogo, kama alivyopanga, akanyoosha mikono upande wa makaburi, alikolala Inang Sabel, akafungua mdomo: Mama, nishike.

Spika zikaimba: Ee mwanangu, damu yako.

Ulikuwa ubeti wa tano.

Kwanza alidhani ni yeye. Alidhani amerukwa na akili, akafumba mdomo, akaufumbua tena. Sauti ilikuwa ikienda zake, ya miaka ishirini na minane, haimngoji mtu. Angeweza kuidaka. Maneno yote alikuwa nayo, geuka tu, mfuate mwana. Hakuweza. Ubeti ule alikuwa ameusubiri miaka ishirini na mitatu na mdomo ukakataa kuuacha. Akaendelea nao, sijakwenda mbali, mlango niliuacha wazi, hali utepe ukilia mambo mengine kabisa.

Kicheko kilianzia kwa wauza karanga.

"Bikira kachelewa basi leo."

"Kameza wimbo wa jirani huyo."

"Wanasema ametoka Manila. Wangemrudishia nauli akae hukohuko."

Mzee mmoja alikaza macho. "Huyo si Roxy? Mtoto wa Sabel?"

"Roxy gani? Roxy alikufa Japani. Sikiliza sauti hiyo, halafu mwangalie huyo."

Juu ya msalaba, Nestor aliinamisha kichwa zaidi ya ilivyopaswa. "Ate," alinong'ona bila kusogeza midomo, "umepotea. Inama tu, jifunike uso."

Hakuinama. Utepe ulikwisha, spika zikabaki zikivuma, na yeye alikuwa bado na mstari mmoja. Aliumaliza. Uwanja mzima ulimwona mwanamke mwenye shela la buluu akitikisa midomo bila mlio wowote, mikono ameielekeza makaburini, na waliokuwa wakicheka walichoka kucheka wakaanza kuona aibu. Askari wawili wa Roma wakamshika kwapani, wakamwinua, wakamtoa.

Nyuma ya jukwaa Delfina alikuwa akilia kwa hasira, na Prosing akamkabili mzee. "Mashine imeruka. Mang Simplicio, mashine yako imeruka."

"Haikuruka," alisema mzee. Alikuwa ameshautoa utepe kwenye mashine. "Ndivyo ulivyo. Delfina na wenzake wote wameufuata hivyohivyo miaka yote, hawakujua kwamba kuna kitu kilichotolewa."

Prosing aliketi juu ya sanduku la mikuki. "Uliukata," alisema. "Lini?"

"Mwaka themanini. Jumamosi Kuu, siku moja tu baada ya kupigwa."

"Padri alikuambia?"

"Mama yako."

Upande wa mbele mchezo ulikuwa ukiendelea, sehemu ya mwisho isiyo na maneno, radi ya bati ikipigwa kwa nyundo. Mang Simplicio alingoja radi ipite.

"Alikuja asubuhi, hata kahawa hakunywa. Akasema, mwanangu yu hai, nami si mfu, kwa nini niimbiwe na mashine? Akasema, kitoe kipande hicho. Nikamwambia, Inang Sabel, ni nadhiri ya mtoto. Akasema, nadhiri haitumwi kwa posta. Nikakata mbele yake, nikaunganisha, akakitia kile kipande kwenye mfuko wa gauni akaenda nacho."

"Hakuniandikia."

"Alinikataza nisiseme. Alisema nafasi ile iachwe wazi, utaijaza mwenyewe ukija. Kila Ijumaa Kuu alikaa pale mstari wa mbele. Ubeti wa tatu ukiisha aligeuka kutazama barabara."

"Miaka mingapi?"

"Mpaka alipokufa."

Prosing alihesabu kichwani akaona haina haja. Alifungua mdomo ili aseme ubeti ule, hapo hapo, kwa mzee na Delfina na mikuki, maana nafasi ilikuwa yake na hakuna mwingine wa kuijaza. Kilichotoka kilikuwa pumzi na mkwaruzo. Akajaribu tena. Delfina akamshika bega, akamwambia, "Basi, Ate, basi."

Mang Simplicio alimpa utepe, kwa kuwa haukuwa na kazi tena. Aliuvuta taratibu kutoka kwenye gurudumu, ukamwagika mapajani, hadi akafika palipoungwa. Gundi ilikuwa imegeuka njano na palikuwa panene kidogo. Alipashika kwa vidole viwili, akabaki amepashika, hadi Delfina alipolihitaji shela kwa ajili ya maziko ya Yesu jukwaani.