Gego la Mama Mkwe

Mganga hajigangi, na mimi naongeza: asimtibu mama mkwe pia. Lakini wangu alikataa daktari wa meno mwingine yeyote. "Nikiharibiwa, niharibiwe na wa nyumbani," alisema, akapanda kiti changu kana kwamba ananifanyia hisani.

Gego lake la chini ndilo lililoshikilia meno yake ya bandia. Likitoka, meno hayo hayana pa kushika. Tangu lianze kutoa usaha alikuwa ameyavua, na mwanamke yule anayeongea kuliko redio akawa anakula chumbani kwake, mlango kaufunga. Mume wangu alikuwa akimkatia ganda la mkate ibaki sehemu laini tu, anampelekea sahani, anarudi mezani peke yake. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Mara ya kwanza nilimsafisha mizizi ya gego kwa klorheksidini, dawa ya upole, peke yake, maana aliponusa klorini aliziba mdomo. "Hiyo si ya kufulia? Mimi si shuka, mkwe." Nikaona yaishe. Usaha haukukoma.

Safari hii nilimweleza mapema. "Mama, ile ya upole inaua wadudu, na inabaki ikilinda. Ila nyama iliyooza ndani ya mzizi haiwezi kuiyeyusha. Klorini inaweza. Lakini ni kali, ikipenya nje ya mzizi utavimba, kwa hiyo nitaitia polepole."

Akafikiri. "Yaani uliua panya, ukamwacha darini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nifue."

Nikamvalisha kile kipande cha mpira kinacholitenga jino na mdomo. Hapo nilipata raha kidogo, maana hawezi kunijibu. Nikasuuza kwanza kwa klorheksidini, kwa mazoea, kisha klorini, tone kwa tone. Nikachomeka kijiti cha karatasi kukausha. Kikatoka kahawia.

Nimetoboa mzizi, nikajiambia, hii ni damu. Gego limekwisha, na huyu mama atakula chumbani maisha yake yote kwa mkono wangu. Yeye akanikodolea macho juu ya mpira, akainua kidole: vipi?

Nikakisogeza kijiti kwenye taa. Damu haina punje. Hii ilikuwa na punje! Dawa zile mbili hazipikiki chungu kimoja. Zikikutana hutoa uchafu wa kahawia, ndiyo maana katikati husuuzwa kwa maji ya chumvi. Mwanafunzi analijua hilo. Mimi, kwa kumhofu mkwe, nililisahau. Nilitaka kujizaba kofi na kucheka kwa wakati mmoja.

Nikasuuza kwa maji ya chumvi, nikakwangua kuta za mzizi, nikasuuza tena mpaka kijiti kikatoka cheupe. Kisha klorini peke yake, kwa subira. Nilipomvua mpira nikamweleza yote. Akajifuta mdomo. "Ungesema mapema kuwa unaniogopa, ningefumba macho."

Usaha ukakauka, nikaziba mizizi. Jioni moja tulipoketi kula, mlango wa chumba chake ukafunguka. Akaja amevaa meno yake, akavuta kiti, akaichungulia sahani ambayo mwanawe alikuwa karibu kumpelekea.

"Nani kanikatia ganda la mkate?" akafoka. "Mnadhani mimi sina meno?"

Mume wangu akampa kipande chake mwenyewe, chenye ganda. Sote tukaacha kula, tukimsikiliza akitafuna.