Upanga wa Mwanamke wa Kisimani

Chwaa. Ukurasa ulifunuliwa gizani, kisha kicheko kikazimwa kwenye mto. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nami nilikuwa jikoni nasugua sufuria kwa kupapasa. Mwanga wa simu ulipenya chini ya mlango wa chumba cha binti yangu. Ndani walikuwamo wawili, yeye na wifi yangu.

"Upanga si wa baba yake," wifi alinong'ona. "Niamini mimi. Ni wa mtu aliyemuua baba yake."

"Shangazi, acha!"

"Haki ya nani. Umeona wapi baba yake kaushika? Hakuna picha hata moja. Kijana anazunguka dunia na upanga wa muuaji, anadhani ni urithi."

Binti yangu alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi. Mimi nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Walikuwa wakisoma manga, zile katuni za Kijapani. Wifi anafanya kazi kwenye duka la fotokopi, na mteja wake mmoja humwazima kitabu baada ya kitabu. Shujaa ni mpiga upanga asiyevaa viatu, kwa hiyo wao wamembandika jina Peku. Mazoea hayo yalianza nilipojiandikisha masomo ya jioni. Mume wangu ni dereva wa malori, kulala nyumbani kwake ni kwa bahati, basi dada yake akajitolea kukaa na mtoto. Nilimshukuru mpaka nikaishiwa maneno. Kumbe mimi nikiwa darasani nahangaika na insha, mwanangu alikuwa anajifunza kusoma kwenye bega la mtu mwingine. Cheti nikapata, nikarudi nyumbani na bega langu, nikakuta nafasi imeshajaa.

Nikichungulia na kuuliza wamefika wapi, binti yangu hunijibu kwa upole kabisa, "Ni ndefu, mama, hutaelewa." Upole huo ndio unaoniua. Na wifi hakosi la kuongezea: "Kapumzike, wifi, umeshinda umesimama. Huyu tuachie, ni wa kwetu. Hata pua ni ya kwetu."

Pua! Uchungu wa kumzaa niliupata mimi, pua ikawa ya kwao.

Ijumaa asubuhi nilikichukua kitabu mezani, nikakifunika na mtandio ndani ya mkoba. Kazi yangu ni kupiga pasi shuka za hoteli kwenye chumba cha kufulia, na wakati wa mapumziko tunakaa nyuma, palipo na mabomba ya mvuke. Nikakifungua kama ninavyofungua kitabu chochote, nikasoma kwa kidole. Kilikuwa kigumu. Watu wake walikuwa wakijibu kabla ya kuulizwa, nikasema labda ndivyo walivyo watu wa panga. Lakini picha nilizielewa. Mchana kutwa, shuka moja baada ya nyingine, nilikuwa napanga jinsi nitakavyoitoa nadharia yangu mbele ya wifi.

Jumamosi wifi alikuwa sebuleni anamsuka binti yangu. Nikakaa kwenye mkono wa kiti, kama mtu aliyepita tu.

"Ule upanga," nikasema, "ni wa yule mwanamke wa kisimani."

Chanuo likasimama. Binti yangu akageuza shingo. "Mama, umesoma?"

"Nimesoma. Peku anapona kidonda, anakwenda kisimani, anamrudishia mwanamke upanga wake. Mtu harudishiwi kisicho chake."

"Anamrudishia?" wifi akauliza. "Wapi, wifi? Mwanamke ndiye anayempa."

"Mwanamke anampokonya mkononi kabisa!" nikashikilia. "Halafu kule mwishoni..."

"Mwishoni wapi?" Akanitazama, kisha macho yakamtoka. "Wifi! Wewe umekisoma kinyumenyume! Vitabu hivi vinafunguliwa upande wa pili, kutoka kulia. Umeanzia mwisho!"

Akacheka mpaka chanuo likamdondoka. Kicheko chake ningekimeza, nimemeza vingi. Lakini binti yangu naye alicheka, kajishika tumbo, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama. Nikasingizia chai, nikaenda jikoni. Nilifungua bomba ili lipige kelele.

Nikahisi mtu ananivuta gauni.

"Mama. Kwako wewe, baba yake Peku alifufuka?"

Sikuwa nimefikiri hivyo. Nikafunga bomba. "Alikuwa amelala chini," nikasema, "damu ikarudi ndani, akainuka, akaenda zake. Mikono mitupu. Upanga hakuwa nao."

"Halafu?"

"Halafu Peku akawa anapungua. Akawa mdogo, mdogo, mpaka akabebwa mgongoni."

"Na nani?"

"Na yule yule wa kisimani. Si ana mtandio wa mistari, umechanika pembeni? Ukurasa wangu wa mwisho ndio huo huo mtandio, kambeba mtoto."

Ukurasa wangu wa mwisho kwa binti yangu ulikuwa wa kwanza, alioupita haraka bila kumtazama sana huyo mwanamke.

"Kwa hiyo ni mama yake," akasema polepole. "Alikuja kisimani kumpa upanga, na yeye hakumjua."

"Njoo nimalizie kichwa!" wifi akaita. Mtoto hakutoka jikoni. Wifi akaita tena, sauti imepungua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi vibaya sana.

"Mitandio ya mistari imejaa duniani," wifi alisema tulipomwambia. "Muuaji alimtuma." Lakini alikitafuta kitabu, akaufungua ukurasa wa kwanza, akaukodolea macho. Mafundo ya mwisho aliyasuka kwa kubana, binti yangu akalalamika.

Jioni iliyofuata niliosha vyombo mapema. Binti yangu alinisubiri kitandani, kitabu kimefunguliwa upande wangu, ule wa makosa. Nikajipenyeza ukutani, akakiweka kichwa chake begani kwangu, kizito, kinanuka mafuta ya nywele. Tulianza na kidonda. Yeye alisoma majibu, mimi nikasoma maswali.

Baba yake Peku alikuwa bado hajainuka mlango ulipogongwa. Wifi aliingia bila kusubiri, kama kawaida yake, akasimama kizingitini kakumbatia kitabu kipya, kile walichokuwa wakikingojea kwa hamu. Jalada lake lilikuwa na ule upanga, mkubwa, umejaa toka juu hadi chini.

"Kimekuja!" akasema. "Sogea nikae, tujue mbivu na mbichi."

Nikaanza kuutoa mkono wangu chini ya mtoto, nimpishe mwenye nafasi. Binti yangu akaukandamiza kwa shingo, akalitazama lile jalada kwa hamu yote, kisha akageuza ukurasa wetu.

"Subiri kwanza, shangazi, bado hatujafika mwanzo."