Kivuli Kilichochorwa kwa Chaki

Siku waliyokuja kukichora kivuli chetu nilikuwa na pini mdomoni, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nisiwatukane.

Injinia wa barabara mpya alisubiri mpaka jua likafika utosini. Akapiga magoti barabarani na kipande cha chaki, akaufuata ukingo wa kivuli cha bati letu la kibarazani taratibu, kama mimi ninavyoufuata mchoro wa gauni kwenye kitambaa. Alipomaliza akasimama, akakung'uta magoti, akanitazama kwa upole.

"Mama, samahani. Hiki kinazidi."

Nikatema pini kiganjani. "Nini kinazidi?"

"Kivuli."

Nimewahi kusikia watu wakishitakiwa kwa kelele, kwa maji machafu, kwa mbuzi aliyekula maua ya jirani. Kushitakiwa kwa kivuli sikuwahi. Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa anamsuka mteja, na nikasikia vidole vyake vimesimama.

Lazima niieleze hii barabara, maana asiyeiona atadhani natia chumvi. Waling'oa lami yote wakatandika vioo, vinene, lori likipita juu havipasuki, na ndani ya vioo kuna paneli zinazogeuza jua kuwa umeme. Hauna moshi, hauna kelele. Mimi sikuupinga. Jenereta la jirani limenikohoza vya kutosha, na walipokuja kutangaza mradi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Lakini waliipanua barabara hadi ikaingia chini ya bati letu, na hapo ndipo tulipoijua tabia yake. Ina uchoyo. Inataka jua lote. Kioo kimoja kikipata kivuli, Injinia alitueleza, na wenzake wa mstari mzima wanalegea. Basi miti ikakatwa, kamba za kuanikia nguo zikashushwa, mama wa mkaa akanyang'anywa mwavuli wake mchana kweupe. Mtaa ukanyolewa kipara. Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Sisi hatukuwa na namna ya kuzoea.

Mdogo wangu amezaliwa na ualbino. Tumetoka tumbo moja, mimi mweusi kama sufuria ya shughuli, yeye ngozi inaungua jua likimtazama tu. Mwaka jana daktari alimkata kipande cha sikio kwa juu, palipokuwa na kidonda kisichopona. Alipomaliza kushona akaniita pembeni, akaniambia kilikuwa saratani, safari hii tumewahi, safari nyingine sijui. Akasema akae kivulini maisha yake yote.

Macho yake nayo hayana nguvu. Anasuka uso ukiwa karibu kabisa na kichwa cha mtu, na wateja humtania kwamba anawanusa. Huwajibu kwamba ndiyo, na baadhi yao wangeoga kwanza. Ni msusi ambaye watu wanavuka mitaa kumfuata. Kusuka kwenyewe anaweza hata akifumba macho, lakini kugawa nywele mstari unyooke kunataka kuona, na macho yake yanataka mwanga mwingi. Juani hawezi, gizani hawezi. Chumba chetu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na umeme hatuna. Kibarazani chini ya lile bati ndipo pekee palipomkaa sawasawa, mwanga tele na jua hakuna. Amefanyia kazi pale tangu alipojua kushika chanuo.

Kwa hiyo nilijikaza. Nikamsogezea Injinia kigoda, nikamwambia akae.

"Mimi sina ugomvi na mtu," nikasema. "Ng'oeni bati. Lakini barabara si inatoa umeme? Inapita mlangoni kwangu. Nipeni taa moja tu, moja, huyu asukie ndani. Hamtatusikia tena."

Nilimwona anafikiria, na kwa kitambo kidogo nikampenda.

"Umeme huu unakwenda viwandani, mama. Nyumba za hapa ziko awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Baada ya awamu ya kwanza."

Nikarudisha pini mdomoni, kwa usalama wake.

Jioni alikuja Mjomba. Ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara. Tangu apewe cheo hicho anatembea kifua mbele, hata akienda chooni. Tulimwamkia, akaitikia marahaba yake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wanangu, wiki ijayo mgeni rasmi anakuja kuzindua. Mnataka niaibike? Kivuli cha nyumba moja kiwazuie watu wote maendeleo?"

"Mjomba, ni ngozi yake hii," nikasema.

"Avae kofia."

"Anavaa kofia. Anavaa na mikono mirefu. Sikio limekatwa na kofia yake kichwani."

"Basi akae ndani apumzike. Au aende kwa shangazi yenu, kule kuna nafasi."

Shangazi anaishi mbali, mahali ambapo nyumba ziko moja moja na hakuna kichwa cha kusuka. Mdogo wangu angekaa pale kama mzigo uliosahauliwa. Mjomba alilijua hilo vizuri, na alilisema huku anajipepea.

Damu ilinichemka. Nikamtolea uvivu. Nilimkumbusha kwamba mama akiwa kitandani, hali mbaya, yeye mwenyewe alimshika mkono akaahidi mbele yetu kwamba huyu mtoto atamtunza kama yai. "Sasa yai lenyewe," nikamwambia, "umeamua kulikaanga."

Mdogo wangu akaangua kicheko. Mjomba hakucheka, na mimi sikucheka. Aliondoka bila kuaga.

Wakaja watu wa mradi na grenda ya kukatia mabati. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele mpaka povu likanitoka, majirani wakajaa kutazama, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, kwa sababu wao vivuli vyao vilishakatwa na hawakuona kwa nini changu kibaki. Siwalaumu. Nawalaumu sana. Bati likashuka kwa kishindo, na jua likaingia kibarazani mpaka ukutani, likajitandaza pale ambapo mdogo wangu alikuwa anakaa. Yeye alikuwa ndani, amekunja miguu juu ya kitanda, anasikiliza.

Alijaribu kusukia ndani. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, mwanamke mwenye adabu zake. Nilipomwona anainuka nikauma ulimi. Mistari ilikwenda kama njia ya ng'ombe, mmoja umelala kushoto, mwingine umekatikia kisogoni. Alijitazama kwenye kioo, akasema zimependeza, kisha akafunga kitambaa kichwani kabla hajavuka mlango.

Mdogo wangu haoni vizuri, lakini kile kitambaa alikiona.

Siku hiyo hakutania mtu. Alikusanya machanuo yake, akaanza kuyafunga kwenye khanga ya mama.

"Dada, nina kichwa cha mama wa mkaa siku ya uzinduzi. Nilishamwahidi. Nikikimaliza hicho, nitakwenda kwa shangazi."

"Hutakwenda popote."

"Nitakaa hapa nifanye nini? Nikutazame unashona? Hata wewe mwenyewe sikuoni vizuri humu ndani." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitaka agombe, nilitaka avunje kitu. Nikatoka nje nikaipiga barabara teke, na barabara ni ya kioo, nikaumia dole gumba, na hasira ikazidi.

Siku ya uzinduzi muziki ulianza asubuhi. Niliapa sitatoka. Nilikaa kwenye cherehani mlangoni, napindisha upindo ambao haukuwa na haja ya kupindwa, na nyuma yangu, gizani, mdogo wangu alikuwa anahangaika na kichwa cha mama wa mkaa. Anagawa, anapapasa, anafumua, anagawa tena. Nusu ya kichwa ilikuwa imefika mahali pazuri kwa kubahatisha. Nusu nyingine ilikuwa timutimu.

"Jamani," mama wa mkaa akasema, shingo ameinyoosha kuelekea mlangoni. "Hebu tazameni wanachofanya hawa."

Katikati ya barabara, juu ya vioo vyenyewe, walikuwa wanasimamisha turubai. Jeupe, kubwa, lina mapazia ya lesi yameshonwa vibaya. Chini yake, juu ya vioo hivyo hivyo, wakatandika zulia, wakapanga viti. Injinia alikuwa anakimbia huku na huku, shati limemganda mgongoni.

"Mzee, niliomba liwekwe uwanjani," nilimsikia anamwambia Mjomba.

"Uwanjani kuna vumbi. Unataka viatu vya mgeni rasmi vichafuke?"

Cherehani ilisimama yenyewe. Mguu wangu ulikataa.

Mgeni rasmi akafika, akakaa, akahutubia. Alisema jua ni zawadi ya bure na kwamba sisi wa mtaa huu ni watu wenye bahati. Kisha wakamletea kitufe kwenye mto mwekundu, akibonyeze, taa za rangi zilizopangwa kandokando ziwake. Akabonyeza. Hakuna taa iliyowaka. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Mshereheshaji akatoa mzaha, akaucheka peke yake. Injinia akasogea, akainama sikioni kwa mgeni. Kipaza sauti kilikuwa mbele yao na hakuna aliyekumbuka kukizima, kwa hiyo mtaa mzima tulisikia.

"Mheshimiwa, naomba radhi. Tukilishusha turubai kidogo tu, jua likapiga kwenye vioo..."

"Kwa jua hili?" mgeni rasmi akasema. "Mnataka niungue?"

Nimekasirika mara nyingi maishani, mama yangu hakuzaa mwanamke asiye na hasira. Lakini hiyo ilikuwa hasira nyingine. Ilikuja bila kelele. Niligeuka kumtazama mdogo wangu nikidhani analia.

Alikuwa ameshasimama. Amejifunika kitambaa mpaka usoni, kigoda mkono mmoja, mkono wa pili amemshika mama wa mkaa.

"Dada, nishikie machanuo," akasema.

Akavuka jua kwa haraka, mama wa mkaa anamfuata na nusu kichwa chake, mimi nyuma yao. Tukaingia turubaini kwa mbele, palipo viti vya heshima. Akaweka kigoda juu ya zulia, akamkalisha mama wa mkaa chini katikati ya magoti yake, akajifunua uso, akainamia kazi. Lile turubai jeupe lilikuwa linapitisha mwanga wote na kulizuia jua. Nikaona ncha ya chanuo inashuka kutoka utosini hadi kisogoni, na mstari umenyooka kama uliopigwa rula.

Mjomba alifika anahema. "Mmerukwa na akili? Hapa ni pa wageni!" Akamshika bega.

"Shikamoo Mjomba," mdogo wangu akasema, uso uko kwenye nywele. "Na mimi naungua."

Kipaza sauti kikalibeba neno hilo mpaka mwisho wa barabara. Mgeni rasmi alilitazama lile sikio, akatazama saa yake, akakumbuka kikao. Magari yenye vioo vyeusi yakawaka, yakaondoka.

"Kunjeni!" Mjomba akawapigia kelele wenye turubai. "Kunjeni sasa hivi!"

Wakaanza kulegeza kamba. Upande mmoja ukashuka, ulimi wa jua ukaingia ukatambaa juu ya zulia kuelekea kile kigoda. Sikujua ningefanya nini mpaka nilipojikuta nimeikumbatia nguzo ya katikati kwa mikono na miguu, mwanamke mzima, gauni limenipanda magotini mbele ya watu. Mjomba akanivuta mkono. Nikamwambia akithubutu tena nitamng'ata, na anajua tangu utotoni kwamba mimi huwa nang'ata kweli. Akaniachia. Wale wa kamba walisimama na kamba zao mikononi, hawajui wamsikilize nani. Jasho lilinitiririka machoni, nguzo ilikuwa inateleza, na mikono ilianza kufa ganzi.

"Shika hivyo hivyo, Dada," mdogo wangu akasema bila kuinua uso. "Bado nusu kichwa."