Anayepanda Kutazama Tu

Tangu siku niliyonunua pikipiki, watu wa Mbinga waliniuliza swali moja tu: umetumwa na nani? Sikutumwa na mtu. Mimi Nurdini, mtoto wa Pangani, karani wa posta, nilizaliwa na umbea. Si umbea wa watu, umbea wa nchi. Huku Umatengo nyuma ya kila mlima kuna mlima mwingine, na mimi nikiona mgongo wa mlima situlii mpaka nijue upande wa pili kuna nini. Ni ugonjwa. Mke wangu Asia alisema afadhali ningekuwa mlevi, angalau angejua pa kunitafuta.

Basi kila Jumapili nilifunga ndizi na chupa ya chai nyuma ya kiti, nikaenda kutafuta milango. Mlango ni jina langu mwenyewe: pale mlima unapojibonyeza kidogo ukamruhusu mtu apenye. Nilipenya wa Matiri, mawe matupu, mikono ikafa ganzi. Nikaanguka kwenye tope, nikainuka, nikaanguka tena. Lakini ulionishika roho ni ule wa juu ya Maguu. Unazima mtambo, unasikia upepo, na chini kabisa limelala Ziwa Nyasa. Siku nyingine moshi mweusi ulisimama wima katikati ya maji, na hakuna meli. Moshi wa nini? Nilirudi Jumapili hata Jumapili kwa ajili ya moshi ule.

Sasa, pikipiki yenyewe niliinunua kwa Mzungu mmoja mpimaji ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Na mwaka ule redio ilikuwa haina jingine ila watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Haya, mtu wa serikali, juu ya pikipiki ya mpimaji, anasimama mlimani kila wiki, anatazama ziwa, kisha anageuka anatazama mashamba ya watu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Watu wa Maguu walikata shauri kwamba wanahamishwa, wanapelekwa ziwani, pande za Kihagara, wakajifunze kuvua. Mimi sikuwa na habari.

Nilizipata dirishani posta, kutoka kwa mama mmoja aliyekuja kwa miguu toka Maguu, kanga imelowa umande. Jina lake Lukresia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama anayetema mbegu, kisha akanifokea mbele ya foleni nzima. Msimu wa kuchimba ngoro ulikuwa unapita. Ngoro ni yale mashimo ya Wamatengo yanayofunika mteremko wote ili mvua isichukue udongo. Mume hukata majani, yakinyauka huyapanga miraba, ndipo mke achimbe udongo ayafukie. Mume asipokata, mke hana pa kuchimba, na watoto hawana maharage. Na mume wake, Mzee Kilian, alikuwa amekataa kukata. Alisema hawezi kuvunja kiuno kwa shamba la kuachwa. Kwa kuwa Kilian alikuwa balozi wa nyumba kumi, waume wote wa nyumba zile nao wakatundika mundu ukutani.

Niliapa kwamba sipimi kitu. Lukresia alinitazama kwa huruma, akasema hata aliyekuja kuandikisha kodi ya kichwa zamani aliapa hivyohivyo. Foleni ikacheka. Nilikasirika, nawaambia kweli, masikio yakawaka moto. Lakini usiku sikulala. Njaa ya nyumba kumi kwa sababu ya macho yangu! Nikamwambia Asia sipandi tena. Asia akasema nikiacha ghafla ndiyo watasema kazi ya kupima imekwisha, wafunge virago. Alisema kweli.

Jumapili ile nikaenda Maguu moja kwa moja nyumbani kwa Kilian, nikaomba aje aone mwenyewe. Akakataa kupanda chombo cha mpimaji. Akamtuma mkewe: kama kuna vigingi vya kupimia, avione. Lukresia alikuwa na gauni la kanisani. Nikamwambia kwa njia ile hakai mtu upande. Akajifunga kanga mbili, akakaa kiume, akanishika mbavu mpaka nikakosa pumzi, na njia nzima akasali rozari kwa sauti kubwa kuliko mtambo.

Pale mlangoni hata ziwa hakulitazama. Alianza kupekua nyasi. Alifunua mawe, akachokoa vichuguu kwa fimbo, akiwinda vigingi. Alichokuta ni nyasi zilizolala pale ninapokaaga, na maganda ya ndizi, mengine meusi, mengine mabichi bado. Akayahesabu kwa ncha ya fimbo, akaniuliza kama nalipwa. Nikasema silipwi, hata mafuta nanunua mwenyewe. Akaguna.

Ndipo akainua macho, na siku hiyo moshi ulikuwepo. Akauliza ni nini kile. Nikamwambia ndicho ninachotaka kujua. Akasema chombo kinaungua. Nikasema kingekuwa chombo kingezama tangu mwezi uliopita. Akakaa kwenye nyasi zangu. Moshi ukainama, ukapasuka, ukawa miwili. Tukabishana, tukala ndizi, tukabishana tena. Baadaye sana Wanyasa waliniambia ni wadudu wadogo, mbu wa majini, hupanda juu kwa mamilioni, na wao huwakusanya wakatengeneza kitoweo. Siku ile hatukujua, na kutojua kule kulikuwa kutamu.

Mara Lukresia akashtuka. Jua lilikuwa limepinduka. Akajitazama, akatazama maganda aliyoyatupa yeye mwenyewe, akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuniambia anacheka nini. Akasema twende.

Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kanisani, kinatungoja kwa Kilian. Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Kilian akamuuliza mkewe ameona nini.

"Hakuna kitu," alisema Lukresia.

"Saa zote hizo?"

"Nimekaa nikatazama hakuna kitu, mpaka jua likapinduka. Hata wewe ungekaa."

Watu wakanong'ona. Mmoja akasema mama wa watu amerogwa. Nikaona mambo yamekwisha, hawatamwamini. Lukresia hakubishana na mtu. Aliingia ndani akatoka na mundu wa mumewe. Siku ya Bwana, na gauni la kanisani, akateremka shambani akaanza kukata majani. Jumapili Mmatengo hachumi hata mboga. Na mwanamke kukata majani ya ngoro, mume akiwa hai, amesimama, mbele ya majirani! Wanawake wakaziba midomo.

Alikuwa anakata vibaya, mundu ulimkwama. Aliinua kichwa akamwita mumewe kwa jina, bila Mzee, bila Baba.

"Kilian. Nisingekuwa na hakika, ningemkosea Mungu leo?"

Kilian akavua koti lake la kanisani, akamkabidhi jirani. Akateremka taratibu, akafika, akanyoosha mkono. Lukresia akampa mundu. Balozi akainama, akashika majani, akakata.