Futi Tisa za Wasike

Kipkorir, fundi wa malori pale kiwanda cha mbao Elburgon, alisema futi sita. Alisema mara mbili, na mara ya pili akaonyesha kwa mikono. Wasike akaitikia, "Sawa kabisa," akaenda akakata futi tisa.

Haukuwa ukaidi. Wasike alikuwa amepasua mbao miaka kumi na minne, na kiwandani hakuna mpasuaji anayekata kipimo alichoambiwa. Unaacha kidogo huku kwa sababu ncha hupasuka zikikauka, unaacha kidogo kule, halafu unaongeza kwa sababu ya msimamizi, ambaye ubao ukipungua unene wa kucha atakutukana mpaka amfikie babu yako. Ubao mrefu haujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Februari ya mwaka 1955 watu wa redio walifika Nakuru na mashine yao, wakarekodi kwaya ya kanisa la Elburgon. Eucabeth, mke wa Wasike, alikuwa humo. Juni homa ya mapafu ikamchukua, siku nne tu, basi. Sasa ilikuwa Septemba, na Mwalimu Dalmas, kiongozi wa kwaya, alikuwa amepata barua: wimbo utatoka Jumapili saa kumi. Mara moja tu. Wasike hakuwa na picha ya mkewe hata moja. Alitaka kumsikia, na hakutaka kingine chochote duniani.

Redio alikuwa nayo, kuukuu, ya kutumia betri ya gari. Betri ilikuwa imekufa fofofo, na mashine ya kuichaji ilikuwa imepelekwa Nakuru kutengenezwa. Betri za malori msimamizi huzifungia ofisini kila Ijumaa utadhani mayai. Redio nyingine pale ilikuwa ya msimamizi huyo huyo, na Jumapili husikiliza habari za mbio za farasi. Ndipo Kipkorir akatoa dainamo ya lori lililoanguka, akamwambia Wasike achonge ubao mmoja wa mapanga mawili kama ya feni, autundike juu ya mlingoti, upepo wa milima ya Mau uizungushe dainamo, ichaji betri.

Jumamosi asubuhi mlingoti ukasimama. Futi tisa zikazunguka. Aisee, zilizunguka kwa heshima, taratibu, kama mzee wa kanisa anayepitisha sahani ya sadaka. Majirani wakasifu. Kipkorir akafunga balbu ndogo kwenye nyaya. Haikuwaka, hata kumeta haikumeta.

"Mzee, hizi ni futi ngapi?"

"Sita," akasema Wasike. "Na akiba."

"Akiba ngapi?"

"Kidogo. Tatu."

Kipkorir akavua kofia. "Dainamo ya lori imezoea injini, mzee. Haitaki nguvu, inataka mbio. Panga refu linatembea, fupi linakimbia. Kata."

"Na nikipunguza kupita kiasi? Huu ndio ubao mkavu wa pekee. Nikikosea, Jumapili imeisha."

"Usipokata pia imeisha."

Wasike akakata inchi moja kila upande, akapanda, akafunga. Wapi! Akashuka, akakata inchi nyingine. Majirani wakachoka kusifu, wakaenda kupika. Kufikia saa nane alikuwa amepanda mlingoti mara sita baada ya kukata, naye Kipkorir ameketi juu ya gogo anakula mahindi.

Mara ya saba Wasike alipima futi sita kamili, bila akiba, akakata. Jasho likamwingia machoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa msumeno wowote.

Sita zikavuma. Balbu ikawaka.

"Nilisema sita," akasema Kipkorir, akaenda zake nyumbani.

Jumapili saa kumi kasoro dakika chache, Mwalimu Dalmas alifika amevaa koti, akaketi kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Betri ilikuwa imejaa. Mtangazaji akataja Elburgon, kwaya ikaanza. Wasike alisikiliza akiwa amesimama. Sauti thelathini zilitoka kama sauti moja, jinsi Dalmas alivyozifunza mwaka mzima. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili nao ukapita.

"Simsikii, Mwalimu," akasema Wasike. "Simsikii hata kidogo."

Dalmas akainua kidole. "Ngoja. Pambio la mwisho."

Kwaya ikanyamaza kuvuta pumzi. Kabla haijamaliza kuivuta, sauti ya mwanamke mmoja ikaingia peke yake, kubwa, yenye furaha tele, ikaimba neno zima ndipo wenzake wakaidaka.

"Huyo," akasema Dalmas. "Aliingia kabla ya mkono wangu. Nilimkemea mbele ya watu wote. Nikawasihi wale wa redio turudie, wakakataa. Walikuwa na njaa."

Wimbo ukaisha. Wasike alikuwa analia, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Juni.

"Mungu aibariki njaa yao," akasema.