Swali la Buti za Njano

Waratibu wa ulinzi wa watoto walimwita Bi Simu, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa makao makuu, simu sikioni, akiwashika mkono kwa maneno watu waliokuwa kwenye matope: huyu ameletewa watoto lori zima na hana hata turubai, yule amegombana na askari wa lango, mwingine hana shida yoyote ya kutaja, anataka tu kulia na mtu wa kumsikiliza. Bi Simu aliwasikiliza wote. Alikuwa na ulimi mkali na moyo laini, na waratibu walisema ukitaka kujua kama anakupenda, ngoja akugombeze.

Safari hii alilazimika kutoka mwenyewe. Mafuriko yalikuwa yamefagia mji mmoja wa bondeni, shule ya sekondari ya mlimani ikageuzwa kambi, na mwanamke aliyeiratibu kambi hiyo alikuwa amekataa likizo kila alipopewa. Bosi alimtuma Bi Simu akamtoe kwa hiari, na hiari ikishindikana, amtoe hivyo hivyo. Sababu ilijulikana na kila mtu ofisini, ila hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti. Maji yalipokuja, mratibu alikuwa kazini wilaya ya jirani, na mwanawe wa miaka sita alikuwa kwa bibi yake, mtaa wa chini. Bibi alipatikana, akazikwa. Mtoto hakupatikana, si mzima wala maiti.

Bi Simu aliumia kuliko wengine, maana huyu alikuwa mwanafunzi wake kipenzi. Alimfundisha kazi tangu hajui fomu wala foleni, na kanuni ya kwanza aliyomkaririsha ilikuwa kutomtilia mtoto maneno mdomoni. Usimwulize kama alimwona mama yake sokoni, alimwambia, kwa sababu atasema ndiyo. Wewe ni mtu mzima na yeye anataka umpende. Mwulize aliona nani, kisha ufunge mdomo. Waratibu wengine waliisahau kanuni hiyo kabla chai ya mafunzo haijapoa. Huyu aliishika.

Alimkuta katika darasa lililofanywa chumba cha mapokezi. Madawati yalikuwa yamerundikwa nyuma, ukutani bado kuna ramani iliyochanika, na katikati umetandikwa mkeka. Mratibu aliinuka akamwamkia. Alikuwa amekonda mpaka mkanda wa saa unamzunguka mkono.

"Shikamoo mama. Umekuja kunifukuza?"

"Marahaba. Nimekuja kuona kama bado unajua kazi," Bi Simu alimjibu, akajibanza kwenye kona.

Kazi alikuwa anaijua, tena vizuri. Aliletewa msichana mdogo mwenye nywele zilizoganda tope, naye akaketi chini upande wake, si mbele yake, ili mtoto asijione yuko kwa mkuu wa polisi. Akamwuliza nyumbani wanamwitaje. Analala na nani. Akisimama mlangoni kwao anaona nini. Kila swali alilifuata kwa kimya kirefu, na mtoto akakijaza kimya hicho kidogo kidogo, hadi wakapata jina la mtaa na jina la shangazi. Bi Simu alijisikia fahari kama mama aliyemwoza binti.

Kisha, mtoto alipokuwa anainuka, mratibu akamshika mkono. Sauti ilibadilika.

"Huko njiani, hukumwona mtoto wa kiume, mdogo, mwenye buti za njano?"

Msichana akatikisa kichwa. Mratibu akatabasamu, akampa blanketi lake, akatoka nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Halafu akaletwa mtoto mwingine, na mwishoni likaja swali lile lile, kwa sauti ile ile.

Bi Simu, ambaye ana la kusema hata kuhusu namna watu wanavyofunga milango, hakusema kitu. Alijua fika kwamba pale pale ilimpasa kulikatiza. Lakini angemwambiaje? Amwambie mama asimwulizie mwanawe? Jioni, wakinywa chai kwenye vikombe vya plastiki, alijaribu kwa njia ya mzunguko, akaeleza habari za chumba kizuri mjini, kitanda, siku chache za kupumzika. Mratibu alimsikiliza kwa adabu zote.

"Mama, watoto wote waliopotea wanapita kwenye mkeka ule," alisema. "Nikiondoka, siku atakayokuja atamkuta nani?"

Bi Simu alikunywa chai yake ikamwunguza ulimi.

Asubuhi lori lilileta watoto wengine kutoka vijiji vya juu. Kama kawaida walipelekwa kwanza darasa la michezo, wakae na wenzao, wanywe chai, kisha waitwe mmoja mmoja. Wa tatu kuitwa alikuwa mvulana mwenye kidonda cha mguu, mpole, anayejibu huku anautazama mkeka. Mratibu alimaliza maswali yake. Akauliza na lile la mwisho.

"Nimemwona," mvulana akasema.

Hata nzi wa mle darasani nadhani walitua. Mvulana, bila kuulizwa, akaendelea: mtoto mwenye buti za njano yuko ng'ambo ya mto, hospitalini, amekaa na mama mmoja mnene, anakula vizuri, anacheka.

Mratibu alipiga ukelele mmoja mfupi, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili asimtishe mtoto. Bi Simu alimrukia, wakakumbatiana wakaanguka pamoja juu ya mkeka, watu wazima na vyeo vyao, wakilia kama waliofiwa. Kisha zikaanza mbio. Daraja lilikuwa limevunjika. Dereva akasema njia pekee ni boti la jeshi, na mto bado umejaa, jana tu boti moja limepinduka. Mratibu akasema ataogelea. Bi Simu mwenyewe, aliyetumwa kuleta busara, ndiye aliyembembeleza dereva mpaka akakubali kuwafikisha mtoni.

Dereva alipokuwa anatia mafuta, Bi Simu alichukua pakiti ya biskuti mkobani, akaenda darasa la michezo kumshukuru yule mvulana. Mlangoni alisikia sauti ya Karani. Karani alikuwa binti wa miaka minane hivi, mwenyeji wa siku nyingi kambini, na jina hilo alipewa kwa sababu kila mgeni alipangiwa na yeye pa kukaa na kikombe cha kunywea.

"Umesema vizuri," Karani alikuwa anamwambia mvulana. "Mimi nilisema hapana, akaenda kulia kule nyuma ya vyoo. Sisi wote tulisema hapana. Leo amecheka."

"Sasa huyo mtoto yuko wapi?" mvulana akauliza.

"Hatujui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana tukasema lazima mtu aseme."

Bi Simu aliegemea mlango. Kisha aliingia, akachuchumaa, akawauliza walikuwa wanazungumza nini, kisha akafunga mdomo. Wakamwambia yote, tena kwa kujivunia. Wazo lilikuwa la Karani, la hospitali liliongezwa na mwingine, na chakula kiliongezwa na wote, kwa sababu walikubaliana kwamba mama anataka kusikia mtoto anakula. Hakuwagombeza. Aliwagawia biskuti.

Alivuka uwanja taratibu. Mratibu alikuwa kashaingia garini, amekumbatia sweta dogo la bluu, uso umekunjuka, amerudi kuwa yule msichana wa siku za mafunzo. Bi Simu alifikiri kunyamaza. Waende tu, hospitali ndiyo imwambie, asiwe yeye. Kwenye simu angejua la kusema; kwenye simu huoni uso wa mtu. Lakini mto ulikuwa umejaa, na huyu naye alikuwa mtoto wa mtu.

Alimwambia. Mratibu kwanza alikataa, kisha akakasirika hasa, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kuwaamini watoto, leo anamgeuka.

"Nilikufundisha kuwaamini, mwanangu," Bi Simu alisema. "Nilikufundisha pia usiwape jibu."

Dereva akazima gari. Mratibu alilitazama lile sweta, akalikunja, akalikunjua.

"Nimewauliza wote, mama," alisema hatimaye. "Kila aliyepita. Wakaona wanipe."

Bi Simu akapanda, wakakaa garini mpaka jua likaingia hadi miguuni mwao. Ndipo Bi Simu akauliza jambo ambalo ilipasa aulize tangu jana: mtoto ameandikishwa kwamba anatafutwa? Mratibu akatikisa kichwa. Alikuwa ameandikisha watoto wa kambi nzima, wake hakumwandikisha. Kumwandikisha ni kukiri kwamba amepotea.

Basi wakarudi darasani. Bi Simu akaketi mkekani na fomu, na kwa mara ya kwanza mratibu akaketi kwenye benchi la ukutani, wanapokaa wazazi.

"Nyumbani mnamwitaje?"

"Kiroboto." Akacheka kidogo. "Hatulii."

"Analala na nani?"

"Na bibi yake. Nikiwepo, na mimi. Ana mateke huyo."

"Mara ya mwisho ulipomwona, alikuwa amevaa nini?"

Mratibu aliitazama ile ramani ya ukutani. Bi Simu alilijua swali linalofuata, lile la buti, lilikuwa linamwasha ulimini, naye hakuliuliza. Alifunga mdomo, akangoja.

"Niliondoka alfajiri," mratibu alisema. "Alikuwa amelala na fulana yangu. Nilimfunika, sikutaka kumwamsha." Akalilaza sweta mapajani. "Buti zilikuwa nje, mlangoni. Mama yangu haruhusu viatu ndani. Sijui kama alipata muda wa kuzivaa."

Bi Simu akaandika: fulana ya mama, miguu mitupu. Kisha akaweka kalamu chini, akaenda kuketi naye kwenye benchi.