Damu ya Kuazima ya Ndaki

Mwandu wa Sitalike aliujua mnada kuliko hospitali. Ng'ombe hapelekwi mnadani mbavu zikihesabika. Hunenepeshwa kwanza, na maradhi aliyopitia hayatajwi. Basi alipoambiwa ampeleke mwanawe Ndaki Mpanda akapimwe selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, vidole vimevimba na viganja havina rangi, aliona haya kumpeleka vile. Alimpitisha kwanza hospitali nyingine, akaongezewa damu, akachangamka. Ndipo akampeleka maabara.

Immaculata, mtaalamu wa maabara, aliuliza kama mtoto ameongezewa damu karibuni. Mwandu akakana bila kupepesa macho. Dada huyo alimtoa Ndaki damu kwa upole hata akasahau kulia, akaiweka kwenye mashine inayotenganisha aina za himoglobini.

Majibu yalipotoka, mwenzake alichungulia akasema kuna A na S, huyo mbebaji tu, haumwi. Mwandu akashusha pumzi, akaanza kumvalisha mtoto viatu. Mbebaji hapewi dawa wala kliniki. Wangerudi zao nyumbani.

Immaculata aliitazama ile mistari miwili, wa A na wa S, kisha akamwita Mwandu aone. Kwa mbebaji, alimweleza, A, ile ya kawaida, ndiyo huwa nyingi kuliko S ya selimundu. Ya Ndaki ilikuwa haba, S imejaa tele.

Mwandu aliduwaa. Yeye alikuwa akishika ngozi ya ubavu tu anajua ng'ombe kanenepeshwa harakaharaka, lakini hakujua kuna mtu anayeweza kuisoma damu hivyo. Alimheshimu palepale, kisha akaogopa.

"Baba Ndaki," dada alisema taratibu, "hii A ni ya nani?"

Mwandu alivua kofia. "Ni ya watu, dada. Nilimnenepesha kwanza. Niliona haya kumleta amechoka vile."

Immaculata hakumgombeza. Alisema ile damu ya kuazima ikishaisha mwilini, baada ya miezi mitatu hivi, watapima upya. Ila akizidiwa wasingoje.

Walirudi mvua zimekatika. Ndaki alikuwa amekonda, macho ya manjano, na Mwandu hakumfunika. Kabla hajaulizwa alisimulia yote, tangu mkono ulipovimba mara ya kwanza hadi homa ya juzi. Safari hii S ilitawala, A haikuwepo hata chembe.

Machozi yalimtoka Mwandu mbele ya watu. Alipoelezwa kuhusu dawa ya kumeza kila siku, aliuliza kama mtoto atakua.

"Tutapambana akue," Immaculata alisema. "Wewe endelea kuniletea alivyo."